Kelele za jirani wa ghorofa ya juu: mwongozo kamili kwa mpangaji wa Arusha na Moshi

Mpangaji akichoshwa na vishindo vya juu, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo matatu. Anagonga dari kwa mti wa fagio. Anaandika maneno makali kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji. Au anapanda ngazi saa sita usiku, damu imechemka, anagonga mlango kwa ngumi. Yote matatu hayafanyi kazi, na bado watu wanayarudia jengo baada ya jengo.

Hayafanyi kazi kwa sababu kelele nyingi za juu ni za mshindo: kisigino kinachokanyaga, kiti kinachoburutwa, mtoto anayeruka kutoka kwenye kochi. Mshindo unazimwa kule unakoanzia, yaani sakafuni kwa jirani, tena kwa vitu vya bei ndogo. Kwa hiyo kazi yako kubwa si kuziba dari lako. Ni kumfanya mtu ambaye huna mamlaka naye akukaribishe kwake, akuruhusu kuweka mpira chini ya viti vyake, na aendelee kukusalimia kesho yake.

Mwongozo huu unahusu ghorofa zetu za kawaida, ziwe Njiro, Sakina, Kijenge na Levolosi, au Shantytown, Soweto na Rau kule Moshi. Nyingi zimejengwa namna moja: slebu ya zege, marumaru juu yake, zulia hakuna, na kuta za tofali zilizoshikana na slebu hiyo hiyo.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa pia, ila daftari linasomeka vizuri zaidi mbele ya mwenyekiti wa mtaa.
- Tyubu chakavu ya gari au pikipiki. Mfuate fundi pancha yeyote. Tyubu iliyokwisha kuzibwa mpaka ikakataa atakuachia kwa pesa ndogo sana. Ya gari ni bora kwa sababu ni nene.
- Mkasi mkali, na waya laini au kamba ya nailoni.
- Kipande cha zulia nene au godoro la sponji lililochakaa. Mitumba ya Kilombero kwa Arusha, au Memorial kwa Moshi, haikosi mazulia.
- Vizibo vya masikio vya sponji. Ulizia duka la dawa au maduka ya vifaa vya usalama kazini.
- Feni, au simu yenye programu ya sauti ya mvua.
- Mkataba wako wa pango. Usome kabla ya kufanya lolote.

Usinunue trei za mayai za kubandika darini, wala sponji za studio. Sponji ya ukutani inapunguza mwangwi ndani ya chumba chako mwenyewe. Haizuii kishindo kilichokwisha kupita kwenye zege. Watu wamepoteza hela na kuharibu rangi ya nyumba kwa ajili ya hizo trei.

## Hatua ya 1: Jua kelele ni ya aina gani na inatoka wapi

Usiruke hatua hii. Ndipo wengi wanapopotea.

Zege husafirisha mshindo kama ngoma. Kishindo kinaingia kwenye slebu, kinashuka kwenye nguzo na kuta, kinatokea chumbani kwako kana kwamba kimetoka juu ya kichwa chako. Chanzo chake kinaweza kuwa nyumba ya juu kwa upande wa pili wa korido, au hata ya chini yako. Kuna mama amewahi kulaumiwa kwa miezi kwa vishindo vya alfajiri, kumbe ni nyumba ya pembeni yake.

Fanya majaribio haya kelele ikiwa inaendelea:

Weka kiganja ukutani, kisha kwenye nguzo. Ukihisi mtikisiko, kelele inasafiri ndani ya zege. Huo ni mshindo, au besi ya sabufa iliyokaa sakafuni.

Funga dirisha na mlango wa mbele. Muziki au maongezi yakipungua wazi, njia yake ni hewa: imetoka dirishani kwao na kuingia dirishani kwako, au imepita kwenye ngazi na chini ya mlango. Hii ni habari njema, maana sehemu kubwa unaweza kuitibu wewe mwenyewe.

Toka koridoni, panda ngazi taratibu, usimame nusu dakika. Husikilizi ya ndani kwa watu. Unathibitisha tu ni mlango upi. Kama huna hakika, muulize mlinzi. Mlinzi wa geti anajua nani amerudi saa ngapi na nani ana mgeni.

Angalia kama ni mtu au ni jengo. Pampu inayosukuma maji kwenda kwenye simtanki la juu hunguruma na kutetemesha bomba. Bomba linalogonga "tong! tong!" mara tu mtu anapofunga koki ghafla ni maji yaliyosimamishwa kwa nguvu ndani ya bomba, na mara nyingi bomba lenyewe limelegea ukutani. Maji ya mgao yakija usiku, boya la tanki nalo hupiga kelele linapokaribia kufunga. Bati nalo hulia "tak" linapopoa jioni. Hayo yote si ya jirani. Ni ya mwenye nyumba na fundi bomba, basi ruka moja kwa moja mpaka hatua ya 6.

Onyo moja zito. Kama unachosikia ni mtu anapigwa, vilio, au mtoto anayeteswa, hilo si suala la kelele na halina mazungumzo ya ujirani. Piga 112 kwa polisi, au 116 kwa masuala ya watoto. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Usipande peke yako.

*Umefanikiwa ukiweza kusema sentensi moja isiyo na shaka:* "Ni viti vya meza ya chakula, nyumba ya juu yangu, vinaburutwa kati ya saa nne na saa sita usiku." Ukibaki na "wana makelele sana wale," bado hujamaliza.

## Hatua ya 2: Andika kwa wiki mbili

Andika tarehe, saa, aina ya kelele, imechukua muda gani, na ilikukuta unafanya nini. Mistari mifupi inatosha:

> Jumanne, 4:40 usiku hadi 5:15. Kuburuta viti sebuleni. Mtoto aliamka.
> Jumatano, 10:50 alfajiri. Begi la magurudumu, dakika tano. Kimya baadaye.
> Alhamisi, hakuna.

Ule mstari wa "hakuna" uandike bila kukosa. Daftari lisilo na siku njema hata moja halimshawishi mtu yeyote, na wewe mwenyewe hasira itakufanya uamini ni kila siku wakati si kila siku.

Faida ya pili ni kwamba daftari linakuonyesha maisha ya jirani. Begi la alfajiri huenda ni dereva wa utalii anayewahi wageni, na msimu wa Juni hadi Oktoba kazi yake ndiyo hiyo. Anayeingia saa tatu usiku na kuanza kupika huenda ametoka zamu hospitali, KCMC au Mount Meru. Sauti za sufuria saa kumi alfajiri mwezi wa Ramadhani ni daku, na mwezi ukiisha zitaisha. Moshi ikifika Desemba watu wanarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, na nyumba ya watu watatu inalaza kumi. Kelele yenye mwisho unaojulikana, ivumilie kwa vizibo vya masikio. Usiitumie kufungulia mashitaka.

Programu za kupima desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye simu zitumie kwa kulinganisha tu, jana na leo, mahali pale pale. Si vipimo vya kupeleka ofisi yoyote. Ukitaka kipimo cha kukupa mwanga, Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya 1999 lilipendekeza chumba cha kulala kisizidi wastani wa desibeli 30 usiku. Na kila zinapoongezeka desibeli 10, sikio huona kelele imekaribia kuwa mara mbili.

Usirekodi video ya watu wala watoto wao. Sauti iliyorekodiwa ukiwa chumbani kwako inatosha kama kumbukumbu yako. Kuisambaza kundini ni kujitafutia kesi.

## Hatua ya 3: Tengeneza upande wako kwanza

Unaanza kwako kwa sababu mbili: leo usiku unahitaji kulala, na ukipanda kesho utaweza kusema kwa ukweli kwamba umeshajaribu.

Hamisha kitanda. Ramani ya ghorofa hujirudia, kwa hiyo sebule yako iko chini ya sebule yao, na chumba chako chini ya chumba chao. Kama kelele ni ya sebule na ya jioni, chumba cha mbali zaidi na sebule ndicho cha kulala. Kisogeze kitanda kisiguse ukuta wala nguzo, hata upana wa kiganja tu. Ubao wa kichwani ukigusa ukuta unaotikisika, unalala na mtikisiko wenyewe.

Ziba njia za hewa. Shona kitenge kuukuu kama soseji ndefu, jaza mchanga, laza chini ya mlango wa mbele. Madirisha ya alumini ya kusukuma huvujisha sauti pale vioo viwili vinapopishana. Fundi alumini anaweza kubadilisha brashi zilizokwisha. Pazia zito linasaidia kidogo tu, usilitegemee.

Funika kelele. Feni au sauti ya mvua kwenye simu haizimi kelele ya juu, ila inaifanya isishtue. Kinachokuamsha ni ule mruko wa ghafla kutoka ukimya hadi kishindo. Iweke sauti ya chini ya mfululizo, upande wa kichwa, isizidi sauti ya maongezi ya kawaida.

Vizibo vya masikio. Wanaosema havifanyi kazi wengi wao hawajaviingiza vizuri. Nawa mikono. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ingiza, kisha kishikilie kwa kidole kwa nusu dakika mpaka kitanuke. Sauti yako mwenyewe ikianza kusikika nzito ndani ya kichwa, kimekaa. Vitapunguza maongezi, TV na vyombo. Besi haitaisha, maana inapita kwenye mwili na godoro.

Usitumie pamba ya kawaida, inabaki ndani. Usizibe masikio yote mawili kama una mtoto mchanga au mgonjwa unayemwangalia usiku.

*Umefanikiwa ikiwa kelele za hewa zimepungua wazi na kilichobaki ni mshindo.* Hapo ndipo unapanda ngazi.

## Hatua ya 4: Panda ngazi, mchana, na mkono wenye kitu

Wakati wa kwenda ni Jumamosi au Jumapili mchana, baada ya ibada na kabla ya chakula cha jioni. Usiende kelele ikiwa inaendelea. Mtu aliyekutwa "kazini" atajitetea. Mtu aliyekutwa ametulia atasikiliza.

Nani aende? Kama anayeshinda nyumbani juu ni mama, mama wa nyumbani kwako aende, au muende wote wawili. Mwanaume peke yake kumgongea mwanamke anayeishi peke yake kumlalamikia kelele, hata kwa upole, kunatisha. Kama jirani ni mtu mzima kukuzidi na wewe ni kijana, nenda na mpangaji mmoja wa umri wake anayeheshimika jengoni. Na usimtume dada wa kazi. Ujumbe kama huu hautumwi.

Beba kitu. Parachichi tatu au mkungu mdogo wa ndizi kutoka sokoni unatosha. Si hongo. Kwetu huku mgeni hapandi mikono mitupu mara ya kwanza, na jirani ambaye hamjawahi kusalimiana ni mgeni.

Piga hodi, subiri ukaribishwe, salimu sawasawa, ulizia watoto na kazi. Usikimbilie. Kisha sema kwa namna hii, ukiyaweka kwenye maneno yako:

> "Shikamoo mama."
> "Marahaba, karibu."
> "Asante mama. Mimi ni jirani yenu wa hapo chini, mama Neema. Nimeona tunaishi hapa hatujajuana, nikasema nije niwasalimie."
> "Oo, karibu ndani."
> (Baada ya maongezi.) "Mama, nina jambo dogo naomba unisaidie. Hizi nyumba wamezijenga sakafu nyembamba, kila kitu kinashuka. Viti vya hapa mezani vikisogezwa usiku, kule chini vinasikika chumbani kwa mtoto. Najua ninyi wenyewe huku hamsikii. Fundi kanipa mpira, nimekuja nao. Ukiniruhusu tunavalisha miguu ya viti sasa hivi, hata dakika ishirini haziishi."

Ona kilichofanyika. Lawama imewekwa kwa jengo, ambako ndiko inakostahili, maana slebu ya marumaru tupu itapitisha kelele hata za mtu mstaarabu. Umetaja jambo moja, si kumi. Umekiri kwamba yeye hasikii, na huo ni ukweli, kwani anayeburuta kiti anasikia mkwaruzo mdogo tu. Na umefika na dawa mkononi, hivyo unachomwomba ni ruhusa, si gharama.

Maneno ya kuepuka: "kila siku", "ninyi watu", "hata wengine wanalalamika", "nitamwambia mwenye nyumba". Hilo la mwisho likitoka tu, ziara imeisha.

Akikataa au akikasirika, sema pole, aga vizuri, shuka. Usijibizane mlangoni. Andika tarehe ya ziara kwenye daftari. Mpe wiki moja. Wengi hubadilika kimyakimya baada ya kuona hukumgombeza, ingawa pale mlangoni hawakutaka kushindwa.

*Umefanikiwa ukishuka mkiwa mnajuana kwa majina na mmebadilishana namba.* Hata kama mpira haujafungwa siku hiyo.

## Hatua ya 5: Zima kelele kule inakoanzia

### Viti na meza

Kata tyubu vipande vya mraba, upana wa vidole vinne. Pindua kiti kichwa chini, futa vumbi miguuni. Weka vipande viwili juu ya mwisho wa mguu, kimoja kikipishana na kingine ili pembe ziwe nane, vuta pembe zote zishuke pembeni mwa mguu, kisha zungushia waya laini mara tatu na uukaze. Ncha ya waya ipinde ielekee ndani, isije ikachana soksi au mguu wa mtoto. Punguza kwa mkasi mpira unaoning'inia.

Kwa nini viwili? Kipande kimoja hutoboka haraka kwenye viti vya chuma, kwa sababu bomba la mguu lina ukingo mkali. Kwa viti vya mbao vyenye miguu mipana, kata kipande kimoja cha saizi ya mguu na ukigandishe kwa gundi ya viatu; ipake pande zote mbili, ngoja ikauke kidogo, ndipo ubane.

Jaribu hapo hapo: mmoja abaki juu aburute kiti, mwingine ashuke akasikilize. Jirani mwenyewe akishuka kwako na kusikia tofauti, hutahitaji kumwambia tena. Hakuna maelezo yanayomfikia mtu kama kusimama chumbani kwako akasikia kiti chake mwenyewe kikikwaruza juu ya kichwa chake. Tyubu nyeusi inaweza kuacha alama kwenye marumaru nyeupe. Mwambie mapema, na kama inamsumbua, tumia kipande cha zulia badala ya mpira.

### Kinu

Kutwanga ni kishindo kikali kuliko vyote vya jikoni, na mpira peke yake hautoshi. Kunja gunia mara nne, weka kipande cha tairi juu yake, kinu ndipo kikae. Kisogee pembeni karibu na ukuta, kwenye kona, maana katikati ya slebu ndipo panapotikisika zaidi. Kisamvu na karanga vitwangwe kabla ya saa mbili usiku. Hili akina mama hukubali upesi wakiombwa na mama mwenzao.

### Watoto

Mtoto hazuiwi kukimbia, na mimi sioni haki ya kumwomba mzazi amfunge mwanawe kwa ajili ya usingizi wa mchana wa mtu mwingine. Unachoomba ni mahali na saa. Zulia nene, au mikeka ya sponji ya kuunganisha, iwekwe pale wanaporukia: mbele ya kochi na kando ya kitanda. Sehemu hizo mbili zina faida kuliko kutandika zulia korido nzima. Saa tatu usiku kuruka kuishe. Na kama jengo lina uwanja au baraza, wapangaji wakubaliane watoto wacheze pale jioni.

### Sabufa

Wengi wanaomba sauti ipunguzwe, jirani anapunguza, na besi inaendelea kutetemesha. Omba vitu vitatu kwa mpangilio huu. Kwanza, kitufe cha besi kirudishwe chini, sauti yenyewe aiache. Pili, sabufa itolewe sakafuni na kwenye kona, iwekwe juu ya kipande kinene cha godoro. Kona huongeza besi. Tatu, saa ya kuzima. Ukianza na ya tatu unaonekana unamkataza kufurahi kwake.

### Viatu na mashine ya kufulia

Viatu vya kisigino vivuliwe mlangoni, ndala zivaliwe. Nyumba nyingi tayari wanafanya hivyo, ila asubuhi ya kukimbilia kazini husahau. Mashine ya kufulia isawazishwe miguu isiyumbe, iwekwe juu ya mpira mzito, isikamue usiku. Mashine inayotembea sakafuni inapokamua haijasawazishwa, au nguo zimelemea upande mmoja.

*Umefanikiwa ikiwa daftari lako la wiki mbili zinazofuata lina "hakuna" nyingi kuliko vishindo.* Usisubiri ukimya mtupu. Ghorofani hautaupata. Vikipungua, panda tena na useme asante. Hii ziara ya pili watu wanaisahau, na ndiyo inayofanya mpira ubadilishwe ukichakaa.

## Hatua ya 6: Mwenye nyumba au msimamizi wa jengo

Mfuate kama ziara mbili zimeshindikana, au kama chanzo ni bomba, pampu au boya. Fungua mkataba wako. Mikataba mingi ya pango ina kifungu kinachomkataza mpangaji kusumbua wengine. Kama kipo kwako, kuna uwezekano mkubwa kipo na kwa jirani, maana mwenye nyumba hutumia karatasi ile ile.

Andika ujumbe, usipige simu tu:

> "Habari za kazi, baba. Mimi mpangaji wa namba 4. Tangu mwanzoni mwa mwezi nasumbuliwa na muziki kutoka nyumba ya juu baada ya saa 4 usiku. Nimeshaongea na jirani mara mbili kwa amani, tarehe hizi na hizi. Nimeandika siku na saa, naweza kukuonyesha. Naomba utukutanishe wote wawili wiki hii."

Omba mkutanishwe. Usiombe afukuzwe, kwa sababu mwenye nyumba aliyekwisha kula kodi ya miezi sita hatafukuza mtu kwa neno la upande mmoja. Ila kuwaita wote wawili hakumgharimu kitu.

Mkataba ukikaribia kuhuishwa, omba kifungu kiwe wazi kwa jengo zima: *Kati ya saa 4:00 usiku na saa 12:00 asubuhi mpangaji hatapiga muziki unaosikika nje ya nyumba yake, hatatwanga wala kuburuta samani.* Kifungu chenye saa kina nguvu kuliko kile cha "kuishi kwa amani."

Ukiwa na mwenye nyumba anayejenga sasa, mwambie mpira chini ya marumaru uwekwe kabla ya kumwaga sakafu ya juu. Baada ya hapo, njia iliyobaki ni dari la pili la jipsamu lililoning'inizwa bila kugusa slebu, lenye pamba ya glasi ndani. Ni gharama kubwa, linahitaji ruhusa yake, na kuta bado zitapitisha sehemu ya mshindo. Mpangaji asiingie gharama hiyo.

Usizime swichi kuu ya umeme ya jirani, wala kumfungia koki ya maji. Kesi itahamia kwako siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 7: Serikali ya mtaa na sheria

Anza kwa balozi au mjumbe, kisha mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Nenda na daftari, nakala ya mkataba na ule ujumbe uliomwandikia mwenye nyumba. Jirani ataitwa, mtasikilizwa wote, makubaliano yataandikwa. Omba nakala yenye mhuri. Ikishindikana mtaani, panda ofisi ya kata.

Sheria ipo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zilitungwa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za 2015, zenye viwango tofauti vya mchana na usiku kwa makazi na maeneo mengine. Msimamizi wake ni NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na Kanda ya Kaskazini ofisi yake iko Arusha. Njia hii inafaa kwa baa iliyofunguliwa ghorofa ya juu, ukumbi, jenereta, gereji, au nyumba iliyogeuzwa mahali pa mkesha wenye spika. Kwa viti na watoto wa jirani, usiende huko. Utapoteza muda, na mahusiano yataharibika bila faida.

Vurugu ya usiku huo huo, watu wamelewa, chupa zinavunjwa? Ni polisi, 112.

## Hatua ya 8: Ukiona haibadiliki, hama kwa mpango

Miezi mitatu ya daftari isiyo na mabadiliko, usingizi umeharibika, mwenye nyumba yuko kimya: tafuta nyumba. Afya yako haina miezi ya kupoteza. Muulize kwanza kama ana nyumba nyingine kwenye jengo hilo hilo, juu zaidi. Mara nyingi kodi iliyobaki huhamishwa kwa urahisi kuliko kurudishwa.

Unapokwenda kuona nyumba mpya, usitosheke na kuiona mchana na dalali. Rudi saa mbili usiku siku ya kazi, na tena Jumamosi usiku. Simama katikati ya chumba cha kulala, zima simu, nyamaza dakika kumi. Muulize mlinzi juu anakaa nani, wana watoto, wanatoka saa ngapi, aliyekuwa hapa amehamia wapi na kwa nini. Ghorofa ya mwisho haina wa kukukanyagia kichwani, ila Moshi bati litakupikia chumba mchana na mvua ya masika italia juu yako, hivyo angalia kama kuna dari la maana chini ya bati. Kagua pampu na simtanki viko upande gani. Ukiridhika na hayo yote, ndipo ulipe.